Kujenga KeePassXC kutoka msimbo chanzo kwenye Ubuntu

KeePassXC ni programu huria ya kutunza manenosiri. Kila unachoweka ndani yake hukaa katika faili moja lenye kiambishi .kdbx, lililofungwa kwa usimbaji fiche, na faili hilo linabaki kwenye kompyuta yako bila kupitia seva ya mtu yeyote. Ubuntu ina kifurushi chake tayari, na kwa mtu anayetaka tu kuanza leo, apt (chombo cha Ubuntu cha kusakinisha programu) inatosha kabisa. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kuamua mwenyewe nini kiingie ndani ya programu inayoshika funguo zake zote.

Hilo linawezekana kwa sababu vipengele vya KeePassXC huamuliwa wakati wa kujenga. Kuunganisha na kivinjari, kuandika nenosiri kiotomatiki, kushughulikia funguo za SSH (za kuingilia seva kutoka mbali), kuwasiliana na mtandao: kila kimoja kina swichi yake, na kilichozimwa hakimo kabisa kwenye programu iliyokamilika. Ukitumia kifurushi cha usambazaji, aliyekijenga ndiye aliyechagua. Mwaka 2024 kifurushi cha keepassxc katika tawi la maendeleo la Debian (mfumo ambao Ubuntu imejengwa juu yake) kilipunguzwa vipengele hivi, na kifurushi kingine chenye vyote kikatolewa kando kwa jina la keepassxc-full. Watu waliozoea kivinjari kujazwa nywila waliona kazi imesimama baada ya kusasisha, bila wao kubadilisha chochote.

Hatua hizi ni za Ubuntu 22.04 na 24.04 (na Linux Mint 21 na 22, ambazo zimejengwa juu yake), kwa KeePassXC 2.7.10 ya mwaka 2025. Toleo jipya likiwa limetoka, badilisha namba tu.

Kabla ya kuanza

Tenga gigabaiti 4 za nafasi kwenye diski. RAM ya gigabaiti 4 inatosha ukijenga kwa uangalifu, kama ilivyoelezwa mbele. Sehemu itakayokula bando ni maktaba za Qt, kuliko msimbo wenyewe. Kama unatumia data ya simu, weka --download-only kwenye amri ya apt ukiwa mahali penye WiFi, kisha urudie amri ileile bila neno hilo ukiwa nyumbani; vifurushi vitakuwa vimeshashuka.

Kama tayari una hifadhi ya manenosiri, nakili faili la .kdbx mahali pengine sasa hivi, kwenye flashi au diski ya nje. Usisubiri hatua ya kusakinisha.

Kupata msimbo na kuuhakiki

Kwenye ukurasa wa matoleo ya KeePassXC huko GitHub, tovuti inayohifadhi msimbo wa mradi, utaona mafaili mengi. Unalolihitaji ni lile lenye -src katika jina. GitHub nayo hutengeneza yenyewe mafaili yanayoitwa "Source code", lakini hayo hayaendi pamoja na sahihi ya kidijitali ya watunzaji wa mradi, kwa hiyo yaache.

```
mkdir -p ~/jenzi && cd ~/jenzi
wget https://github.com/keepassxreboot/keepassxc/releases/download/2.7.10/keepassxc-2.7.10-src.tar.xz
wget https://github.com/keepassxreboot/keepassxc/releases/download/2.7.10/keepassxc-2.7.10-src.tar.xz.sig
```

Pakua ufunguo wa umma wa mradi kutoka ukurasa wa uhakiki wa keepassxc.org, uuingize kwenye gpg, programu ya kukagua sahihi hizo, kisha uhakiki:

```
gpg --import faili-la-ufunguo.asc
gpg --verify keepassxc-2.7.10-src.tar.xz.sig keepassxc-2.7.10-src.tar.xz
```

Unatafuta maneno `Good signature`. Chini yake gpg itatoa onyo kwamba ufunguo haujathibitishwa na sahihi unayoiamini. Onyo hilo ni la kawaida: maana yake ni kwamba wewe bado hujaiambia gpg kuwa unamwamini mwenye ufunguo. Kinachobaki ni jicho lako. Linganisha alama ya kidole ya ufunguo iliyochapishwa na gpg na ile iliyoandikwa kwenye tovuti ya mradi, herufi kwa herufi. Ukiona `BAD signature`, futa faili na upakue upya. Ikijirudia, simama hapo.

Sahihi inathibitisha kwamba faili limetoka kwa mwenye ufunguo na halijaguswa njiani. Haithibitishi kwamba ndani hamna ubaya. Machi 2024 iligunduliwa kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana mafaili, yalikuwa na mlango wa siri uliopandikizwa na mtu aliyekuwa mtunzaji halali wa mradi, na sehemu ya kuuwasha ilikuwamo kwenye mafaili ya kupakua, haikuwamo kwenye hazina ya git (mahali msimbo unapohifadhiwa pamoja na historia yake). Anayependa kuanzia kwenye git moja kwa moja anaweza kufanya hivi, na --depth 1 itamwepusha kupakua historia nzima ya mradi:

```
git clone --depth 1 --branch 2.7.10 https://github.com/keepassxreboot/keepassxc.git
```

Ukitumia faili la -src, lifungue:

```
tar xf keepassxc-2.7.10-src.tar.xz
cd keepassxc-2.7.10
```

Maktaba na vifaa vya kujengea

```
sudo apt update
sudo apt install build-essential cmake qtbase5-dev qtbase5-private-dev \
  qttools5-dev qttools5-dev-tools libqt5svg5-dev libqt5x11extras5-dev \
  libbotan-2-dev libargon2-dev libminizip-dev libqrencode-dev zlib1g-dev \
  libreadline-dev libxi-dev libxtst-dev libkeyutils-dev
```

Ukitaka programu itambue ufunguo wa YubiKey (kifaa kidogo cha usalama kinachochomekwa kwenye kompyuta), ongeza libpcsclite-dev na libusb-1.0-0-dev. Ukitaka kitabu cha maelezo na kurasa za man zijengwe pia, ongeza asciidoctor. Lakini hicho huvuta Ruby nzima, na maelezo yaleyale yapo mtandaoni, kwa hiyo hapa tumekiacha.

Wengi hushauri njia ya mkato ya `sudo apt build-dep keepassxc`, inayosakinisha vyote vilivyohitajika kujenga kifurushi cha Ubuntu chenyewe. Kwenye Ubuntu 22.04 itakuangusha. Kifurushi cha huko ni cha mfululizo wa 2.6, uliotegemea libgcrypt kwa usimbaji fiche. Kuanzia 2.7.0, mwaka 2022, mradi ulihamia Botan, na build-dep ya 22.04 haina habari na Botan. Orodha ya hapo juu inafanya kazi kwenye matoleo yote mawili.

Zingatia kwamba karibu majina yote yanaishia na -dev. Maktaba yenyewe, kwa mfano libargon2-1, huenda tayari ipo kwenye kompyuta yako, lakini hiyo ni ya kuendeshea programu zilizokwisha kujengwa. Kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa programu ya kuendeshwa, inahitaji pia mafaili yanayoeleza maktaba ina nini ndani, na hayo yamo kwenye -dev. Makosa mengi ya "lakini nimeshaisakinisha!" yanatokana na hili.

Kusanidi: hapa ndipo penye kazi

Jenga ndani ya folda ya pembeni, usijenge katikati ya msimbo. Mambo yakiharibika, unafuta folda moja na kuanza upya bila kupakua tena.

```
mkdir build && cd build
cmake -DCMAKE_BUILD_TYPE=Release \
  -DKEEPASSXC_BUILD_TYPE=Release \
  -DWITH_XC_AUTOTYPE=ON \
  -DWITH_XC_BROWSER=ON \
  -DWITH_XC_SSHAGENT=OFF \
  -DWITH_XC_NETWORKING=OFF \
  -DWITH_XC_DOCS=OFF \
  -DWITH_TESTS=ON ..
```

Usisahau nukta mbili za mwisho. Ndizo zinazoiambia cmake, programu inayoandaa ujenzi, kwamba msimbo uko folda moja juu.

CMAKE_BUILD_TYPE=Release ina uzito mkubwa hapa kuliko kwenye programu nyingine. Jengo la Release hujizuia lisiandikwe kwenye diski kama nakala ya kumbukumbu linapoanguka ghafla. Jengo la Debug halina kizuizi hicho, na nakala ya namna hiyo inaweza kubeba manenosiri yaliyokuwa wazi kwenye kumbukumbu. Debug waachie wanaotafuta hitilafu, tena kwa hifadhi ya majaribio isiyo na nywila za kweli. KEEPASSXC_BUILD_TYPE ni jambo tofauti: usipoitaja, programu huweza kujihesabu kuwa toleo la majaribio na kukuonya kila ukiifungua.

WITH_XC_NETWORKING ikiwa OFF, programu haitapakua ikoni za tovuti, haitakagua kama nenosiri limevuja, na haitaangalia toleo jipya. Kuunganisha na kivinjari hakuathiriki, kwa sababu kivinjari na KeePassXC huzungumza ndani ya kompyuta hiyohiyo. Kwa maoni yetu huu ndio mpangilio bora kwa mtu wa kawaida: kujaziwa nywila kivinjarini bila programu kuwa na njia yake ya kutoka nje. Gharama yake ni kwamba lazima ufuatilie matoleo mapya mwenyewe.

WITH_XC_SSHAGENT iwashe ikiwa unaingia kwenye seva kwa funguo za SSH. WITH_XC_YUBIKEY iwashe ikiwa unayo YubiKey mkononi. WITH_XC_FDOSECRETS huifanya KeePassXC ichukue kazi ya kutunza siri za programu nyingine, kazi ambayo kwenye Ubuntu tayari inafanywa na gnome-keyring. Hizo mbili hugombania nafasi moja, basi iache imezimwa mpaka uwe na sababu.

Ipo pia WITH_XC_ALL=ON inayowasha vyote kwa mpigo. Hatuipendekezi: kuitumia ni kurudi kwenye kuchaguliwa na mwingine.

Sasa soma kilichochapishwa na cmake, hasa mistari ya mwisho. Hapa ndipo ujenzi mwingi unapokwama, na habari njema ni kwamba cmake husema wazi inachokosa. Mfano:

`Could not find a package configuration file provided by "Qt5X11Extras"`

Maana yake ni kwamba libqt5x11extras5-dev haipo. Ukitajiwa jina usilojua limo kwenye kifurushi gani, uliza apt-file:

```
sudo apt install apt-file
sudo apt-file update
apt-file search Qt5X11ExtrasConfig.cmake
```

Jibu litaanza na jina la kifurushi. Kisakinishe, kisha urudie amri ya cmake. Kama bado inalalamika kuhusu kitu ulichokwisha kusakinisha, ujue cmake inakumbuka matokeo ya zamani katika faili la CMakeCache.txt. Toka nje ya build, ifute folda yote, itengeneze upya, na uanze tena. Kosa jingine linaloonekana mara nyingi ni kompyuta yenye Anaconda: cmake hukuta Qt ya Anaconda kabla ya ile ya Ubuntu, na ujenzi hufa baadaye kwa makosa yasiyoeleweka. Andika `conda deactivate` kwanza, kisha anza na build tupu.

Kabla ya kuendelea, hakikisha chaguo zako zimeingia:

```
grep WITH_XC CMakeCache.txt
```

Kujenga

```
nproc
make -j2 2>&1 | tee jenga.log
```

nproc hukuonyesha idadi ya kazi ambazo kichakataji kinaweza kufanya kwa pamoja. Kwenye kompyuta ya RAM ya gigabaiti 8 na kuendelea unaweza kuweka namba hiyo badala ya 2. Kwenye gigabaiti 4 baki na -j2, na funga kivinjari. Epuka kuandika -j bila namba: make itaanzisha kazi zote kwa wakati mmoja na kompyuta itaganda. Mashine mpya humaliza kwa dakika chache. Ya zamani yenye diski ya kuzunguka inaweza kukaa nusu saa au zaidi.

Ujenzi ukikatika kwa maneno

`c++: fatal error: Killed signal terminated program cc1plus`

msimbo hauna kosa. RAM imekwisha, na Linux imeiua kompaila ili kuokoa mfumo. Rudia kwa `make -j1`. Make itaendelea pale ilipoachia, haianzi mwanzo. Ikishindwa tena, ongeza kumbukumbu ya muda kwenye diski:

```
sudo fallocate -l 2G /swapfile2
sudo chmod 600 /swapfile2
sudo mkswap /swapfile2
sudo swapon /swapfile2
```

Ukimaliza kujenga, iondoe kwa `sudo swapoff /swapfile2` na `sudo rm /swapfile2`.

Kwa makosa mengine, usiangalie mstari wa mwisho. Kazi kadhaa zinapoendeshwa pamoja, kosa lenyewe huzikwa juu huku kazi nyingine zikiendelea kuchapisha. Fungua jenga.log na utafute neno `error:` la kwanza kabisa. Mengi yanayofuata ni matokeo yake. Na umeme ukikatika katikati, kuna hatari ya faili moja kuachwa nusu. Ukirudi na kuona kosa la ajabu wakati wa kuunganisha vipande vya programu, `make clean` na kuanza upya ndiyo njia fupi.

Kujaribu kabla ya kusakinisha

```
ctest --output-on-failure
```

Majaribio haya hukagua kusoma na kuandika hifadhi, usimbaji fiche, na mengineyo. Mengine huchukua muda kwa makusudi, maana njia ya Argon2 inayolinda nenosiri kuu imeundwa iwe nzito. Jaribio la usimbaji fiche au la kdbx likianguka, usisakinishe.

Kisha endesha programu palepale ilipojengwa:

```
./src/keepassxc --debug-info
./src/keepassxc
```

Amri ya kwanza huorodhesha toleo, maktaba na vipengele vilivyomo. Linganisha na ulichochagua. Ya pili hufungua dirisha. Ijaribu kwa nakala ya hifadhi yako, si hifadhi yenyewe.

Kusakinisha

Kwanza ondoa ile ya zamani, ili usiwe na mbili zinazogongana:

```
sudo apt remove keepassxc
```

Kama ulikuwa na ile ya snap (njia nyingine ya Ubuntu ya kusakinisha programu), tahadhari: `snap remove` huondoa pia folda ya ~/snap/keepassxc. Kuna watu waliohifadhi faili lao la .kdbx humo bila kujua, kwa kuwa ndiko dirisha la kuhifadhi lilikowapeleka. Angalia kwanza:

```
find ~/snap/keepassxc -name "*.kdbx"
```

Likionekana, lihamishe. Baada ya hapo:

```
sudo make install
hash -r
which -a keepassxc
```

Jibu linalotarajiwa ni /usr/local/bin/keepassxc peke yake. Inawezekana kusakinisha ndani ya ~/.local bila sudo, kwa kuongeza -DCMAKE_INSTALL_PREFIX=$HOME/.local wakati wa kusanidi, na kwa programu nyingi hilo ni jambo jema. Kwa hii hatushauri. Kitu kilicho ndani ya nyumba yako kinaweza kubadilishwa na programu yoyote inayoendeshwa kwa jina lako, bila kuulizwa nenosiri. Kilicho /usr/local kinahitaji mamlaka ya root.

Ikoni isipoonekana kwenye menyu:

```
sudo update-desktop-database /usr/local/share/applications
sudo gtk-update-icon-cache -f -t /usr/local/share/icons/hicolor
```

Kivinjari na Auto-Type

Fungua mipangilio ya KeePassXC, washa kuunganisha na kivinjari, kisha weka tiki kwenye kivinjari unachotumia. Programu itaandika faili dogo linalokiambia kivinjari mahali keepassxc-proxy ilipo. Kwa Firefox:

```
grep path ~/.mozilla/native-messaging-hosts/org.keepassxc.keepassxc_browser.json
```

Ikionyesha /usr/bin au njia ya snap badala ya /usr/local/bin, ni mabaki ya usakinishaji wa zamani: zima tiki, iwashe tena. Njia ikiwa sahihi na bado kivinjari hakiunganishi, angalia kimesakinishwa vipi. Vivinjari vya snap na flatpak hufungiwa ndani ya ukuta wao na mara nyingi haviwezi kuita programu ya nje. Kile cha .deb hakina tatizo hilo.

Auto-Type, yaani kuandika nenosiri kiotomatiki, nayo hutegemea Xorg, mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha. Ubuntu huingia kwenye Wayland, mfumo mpya zaidi, kwa kawaida, na Wayland hairuhusu programu moja kuandika ndani ya dirisha la nyingine. Kwenye ukurasa wa kuingilia bonyeza alama ya gia, chagua "Ubuntu on Xorg", kisha ingia. Usijenge upya ukidhani swichi imekosewa.

Kusasisha na kuondoa

apt haijui chochote kuhusu programu hii. Maktaba kama Botan na Qt zitaendelea kusasishwa na Ubuntu, lakini KeePassXC yenyewe ni jukumu lako. Toleo jipya likitoka, rudia kuanzia kupakua, kwa folda mpya. Ukihamia toleo kubwa jingine la Ubuntu, programu inaweza kukataa kufunguka kwa ujumbe wa `error while loading shared libraries`, kwa kuwa maktaba iliyojengewa imebadilika namba. Amri hii itakuonyesha zinazokosekana:

```
ldd /usr/local/bin/keepassxc | grep "not found"
```

Tiba ni kujenga upya kwenye mfumo mpya. Wakati huo hifadhi yako haijaguswa.

Ndani ya folda ya build kuna faili la install_manifest.txt, orodha ya kila kilichowekwa. Linakili mahali salama hata kama utafuta folda nyingine yote, kwa sababu ndilo litakalotumika siku ya kuondoa, na pia kabla ya kusakinisha toleo jipya juu ya la zamani:

```
sudo xargs -d '\n' rm -v < install_manifest.txt
```

Mipangilio yako itabaki ~/.config/keepassxc, na faili la .kdbx litabaki pale ulipoliweka.